Tunadaiwa na paka: barua ya wazi kutoka Tanga

Kwa Waziri wa Afya. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kwa Baraza la Ushauri la Ustawi wa Wanyama. Na kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga.

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine hamjambo. Barua hii, inayohusu kubanduka kwa retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na deni letu kwa wanyama waliotumika kuutafiti, naiandika kwa jicho moja, mjukuu wangu anaichapa. Mkikuta herufi imeruka, mjue ni ya nani.

Nilikuwa ofisa mifugo wa serikali kwa miaka 31, mingi yake hapahapa Tanga. Alfajiri nilikuwa machinjioni nakagua nyama, na jua likishapanda nilipanda baiskeli kwenda Pongwe na Maweni kuchanja ng'ombe. Wanyama nimewashika, nimewatibu, na nimewagonga mhuri walipokuwa nyama. Basi atakayeisoma barua hii akadhani mimi ni mmoja wa wale wasiotaka hata panya aguswe, huyo kapiga hodi nyumba siyo.

Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, niko barazani kwangu Makorora nasubiri adhana ya magharibi, nikaona kimulimuli kwenye pembe ya jicho la kushoto. Nikageuka, hakuna kitu. Kikaja tena, mfano wa umeme wa mbali baharini usio na ngurumo. Kesho yake wakaja inzi: vidoa vyeusi vinaelea, ukivitazama vinakimbia. Mama watoto akasema ni swaumu. Jirani akasema nimepigwa kijicho, maana wiki ile nilikuwa nimetoka kupaka nyumba rangi. Mimi msomi nikaenda zahanati. Nikaambiwa ni mzio wa vumbi, nikapewa dawa ya matone, nirudi baada ya wiki mbili.

Matone nikayatia kwa saa, bila kukosa hata mara moja. Siku ya kumi na moja kivuli kikaanza kupanda kutoka chini, upande wa puani, kama maji ya bamvua yanavyopanda pale Sahare: huyaoni yakienda, ila ukigeuka, jiwe lililokuwa kavu limeshazama. Hapo ndipo safari za rufaa zikaanza, barua hii niende nayo huku, barua ile niende nayo kule, na nauli kila mara. Nilipokaa mbele ya daktari bingwa wa retina, mbali na Tanga, wiki ya sita ilikuwa imeingia.

Alikuwa kijana, mwenye adabu. Akaniambia: "Mzee wangu, retina yako imebanduka, na kile kitovu chake unachosomea kimebanduka wiki kadhaa sasa. Nitairudisha mahali pake. Kuona sikuahidi." Akayatimiza yote mawili. Retina imerudi, imeshika. Kuona hakukurudi. Jicho lile leo linajua mchana na usiku, na ukilipungia mkono linajua kuna mkono.

Ugomvi wangu nanyi haukuanzia kwenye jicho langu hata hivyo. Ulianzia kwenye swali nililomuuliza kijana yule siku ya kutoa bendeji. Nilitaka kujua wao wamejuaje kwamba wiki ya kwanza kuna tumaini na wiki ya sita ni kilio. Binadamu huwezi kumbandua retina kwa makusudi ukakaa na saa mkononi. Akanijibu kwa neno moja: "Paka."

Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mtu wa mifugo. Akanieleza, na tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kusomewa.

Miaka ya 1960 daktari Mjerumani, Robert Machemer, alikuwa Miami, Marekani. Alichukua tumbili wa usiku wa Amerika ya Kusini, vinyama vyenye macho makubwa kama komba wetu wa minazini (wale wanaolewa tembo la wenyewe), akawabandua retina, kisha akatazama kwa hadubini kinachotokea. Aliona kwamba ncha za seli zinazopokea mwanga huchakaa zikitenganishwa na tabaka linalozilisha, na kwamba retina ikirudishwa mapema, ncha zile huweza kuota tena. Kuanzia miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara wakafanya kazi hiyo kwa paka, kwa miaka mingi. Walikuwa wakichukua mrija wa kioo mwembamba kuliko sindano, wanapenyeza maji chini ya retina mpaka inainuka, halafu wanahesabu saa na siku. Waliyoyakuta ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Ndani ya siku moja tu seli zimeanza kuharibika. Kwenye siku ya tatu ndipo zinapokufa kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Na zile seli nyingine, za Müller, zinazoishikilia retina kama fito zinavyoshikilia udongo wa nyumba, nazo huchachamaa na kuota kovu. Mwaka 1999 wakaonyesha kwamba paka waliovutishwa hewa yenye oksijeni asilimia 70 walipoteza seli chache zaidi, kumaanisha kuwa sehemu kubwa ya kifo kile ni kukosa pumzi.

Siku ya tatu, waheshimiwa. Mimi siku ya tatu nilikuwa natia matone ya mzio. Kwa bahati yangu, siku ile retina yangu ilikuwa bado imeshika, au karibu yote. Ilikuwa imechanika tu, na tundu likiwahiwa huzibwa kwa leza au kwa baridi kali, mtu akarudi nyumbani kwake. Bahati niliyokuwa nayo nikaimaliza kwenye foleni.

Chuo cha Kurani tulifundishwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumpa chakula wala kumwacha ajitafutie. Mimi si shehe, wala simhukumu mtafiti wa Santa Barbara, maana elimu aliyoitoa imeokoa macho mengi ya watu. Ila najua hesabu ya mifugo. Mnyama akishachinjwa, nyama yake isipoliwa ikaoza, hiyo ni dhambi ya mchinjaji au ya mwenye karamu? Paka wale wamekwisha kufa. Walichotuachia ni jambo moja fupi, kwamba saa zinahesabika. Jambo hilo liko vitabuni zaidi ya miaka 30, na mpaka mwaka juzi lilikuwa halijafika kwenye meza ya zahanati niliyokwenda mimi. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili halijalipwa na yeyote huku kwetu.

Sasa niseme la pili, maana nasikia vijana wetu wa vyuo nao wanataka kufanya utafiti wa retina kwa wanyama, wajue chanzo cha kubanduka. Nawapongeza kwa hamu. Lakini hapo kwenye neno chanzo ndipo ninapotaka tusimame.

Huyo paka hakubanduka retina mwenyewe. Alibanduliwa. Mtafiti ndiye aliyekuwa chanzo. Kwa hiyo paka anaweza kukueleza vizuri sana kilichofuata, lakini ukimuuliza kwa nini ilibanduka atakutazama wewe mwenye mrija. Chanzo kwa binadamu kilionyeshwa na binadamu. Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, miaka ya 1920, alikaa akichunguza macho ya wagonjwa wake mmoja mmoja mpaka akashikilia kwamba kwanza retina huchanika, ndipo maji hupita kwenye tundu na kuiinua. Kabla yake mgonjwa alilazwa kitandani miezi, macho yamefungwa vitambaa, na mara chache mno alipona. Gonin akawa analitafuta tundu na kulichoma. Wenzake hawakumsadiki mpaka kwenye mkutano wa dunia wa Amsterdam mwaka 1929 hivi. Ushahidi wake ulitoka kwa wagonjwa waliokuja kwake kwa miguu yao.

Na wanyama wenyewe hawafanani nasi kama tunavyodhani. Haya siyasemi kwa kusoma tu, macho nimeyapasua. Pasua jicho la ng'ombe au mbuzi: nyuma utakuta kioo cha buluu na kijani kinachong'aa kama gamba la chaza. Paka naye anacho, ndicho kinachomulika ukimkuta uchochoroni usiku. Binadamu hatuna. Kile kitovu cha retina ninachokililia mimi, paka hana cha namna yetu. Na tumbili wa Machemer, kwa kuwa ni wa usiku, chake hakikukamilika kama chetu. Sungura ndiye mgeni zaidi: mishipa ya damu ya retina yake imekaa kama mabawa mawili tu, sehemu nyingine hakuna. Utafiti wa sungura una faida zake, siukatai, ila anayeuleta aeleze kwanza jicho la sungura litamjibu swali gani la jicho la mtu wa Ngamiani.

Niwape jambo moja la machinjioni, kwa kuwa sijaona mtu akiliandika kwa lugha yetu. Jicho la fahali ukilipasua papo hapo, retina imeshika ukutani, ukiivuta inagoma. Jicho lilelile la alfajiri ukilipasua adhuhuri, retina inateleza yenyewe, inakuja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Miaka yote nilidhani ni kuoza. Kumbe siyo. Retina imeshikizwa imara mahali pawili tu, nyuma kwenye mshipa unaokwenda kwenye ubongo na mbele kwenye ukingo wake. Kwingine kote imeegemea, na kinachoifanya ing'ang'anie ni tabaka la seli zenye rangi lililo nyuma yake, linalofyonza maji usiku na mchana kama pampu ya kisima. Mnyama akifa, pampu inasimama, na mshiko unalegea haraka. Hilo nalo lilipimwa kwa sungura na tumbili. Swali la kushangaza basi ni kwamba retina zetu zinakaaje mahali pake miaka 60 na 70, wala si kwa nini ya mzee mmoja ilibanduka.

Yangu ilibanduka kwa sababu za kawaida kabisa. Ule ute uliolijaza jicho kwa ndani, unaofanana na ute wa yai, huyeyuka umri unapokwenda, ukajivuta kutoka kwenye retina. Mahali uliponata, huchana. Vile vimulimuli vyangu vilikuwa ndiyo mvuto wenyewe, na wale inzi vilikuwa vipande na damu vinavyoelea. Na mimi nimevaa miwani ya kuonea mbali tangu darasa la sita, jicho langu ni refu, retina yake imetandazwa nyembamba. Watu wenye jicho la namna hii ndio wanaobeba sehemu kubwa ya maradhi haya.

Hapa kuna mnyama mmoja ambaye deni lake, angalau kwingine, limelipwa, naye ni kifaranga cha kuku. Mwaka 1978 Wamarekani walionyesha kwamba kifaranga ukimbana macho asione vizuri, jicho lake hurefuka, anakuwa haoni mbali. Wengine baadaye wakaona mwanga mkali unapunguza urefu huo. Elimu hiyo haikubaki bandani. Kule Guangzhou, China, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30, na wale wa shule nyingine karibu 40. Dakika 40 za jua, bila bajeti yoyote. Wetu huku wanatoka shule wanaingia chuo, wanatoka chuo wanaingia tuisheni, na jioni simu ya mama. Mji wenye jua kama Tanga!

Vyanzo vingine viko mbele ya macho yenu, navyo havihitaji kizimba cha wanyama. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi mno wanaozaliwa na selimundu. Ugonjwa ule huziba mishipa midogo pembeni mwa retina, inaota mishipa mipya mibovu, inavuja damu, inavuta, inabandua. Kisukari nacho kinafanya karibu vivyo hivyo. Wagonjwa hao wana kadi, wana siku zao za kliniki, wanakuja wenyewe. Ni wangapi wanatiwa dawa ya kupanua mboni wakatazamwa ndani ya jicho? Na mashamba ya mkonge je, huku Muheza na Korogwe? Jani la mkonge lina mwiba nchani mgumu kama sindano ya gunia. Nilimjua mkataji mmoja aliyechomwa jichoni, jicho likanywea miezi ile ile. Tangu Mjerumani Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893 mpaka leo, ningependa kuona daftari hata moja linaloeleza macho mangapi yametobolewa.

Msinielewe kwamba Tanga tunauogopa utafiti. Mbung'o waliomaliza ng'ombe Unguja, madume yao yalifugwa hapa Tanga, yakafanywa tasa kwa mionzi, yakamwagwa kisiwani kwa ndege miaka ya 1990 mpaka mbung'o wakatoweka. Wengine tulikuwa kazini wakati huo tukijisifu kana kwamba tumewazaa sisi. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa kwa watoto kuanzia mwaka 2009, wa Korogwe walikuwamo, na wa Bagamoyo pia. Kwanza ilipita kwa wanyama, na sikusikia mtu akinung'unika. Kila mara swali lilikuwa wazi na jibu likarudi kwa wenyewe.

Ndiyo maana naomba, tena kwa msisitizo.

Mganga Mkuu wa Mkoa, kwako ndiyo haraka zaidi. Andika karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe kila zahanati na kituo cha afya, na kila duka la dawa pia, kwa sababu wengi huanzia dukani: mtu mwenye vimulimuli vipya, inzi wengi wa ghafla, au pazia jichoni, hapewi matone. Anatumwa kwa mtaalamu wa macho siku ileile, na barua yake ya rufaa inapita mbele ya nyingine. Usimlaumu yule kijana wa zahanati aliyenihudumia, hakuna aliyemwambia. Chapisha hata kwa rangi nyeusi, mradi ifike.

Waziri, kijana kama yule aliyeniambia "paka" ni adimu mno, na wako kwenye hospitali chache kubwa. Wafundishwe wengine, na mmoja awe karibu na sisi. Nauli ya kwenda na kurudi mara tatu ilinimalizia mbuzi wanne.

Kwa wakuu wa utafiti na wa ustawi wa wanyama nina moja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, ipo. Na zile kanuni tatu zilizoandikwa na Waingereza Russell na Burch mwaka 1959 kila mtafiti anazijua kwa moyo: mnyama abadilishwe kwa njia nyingine ikiwezekana, idadi ipunguzwe, mateso yapunguzwe. Likija ombi la kubandua retina ya mnyama katika nchi hii, liulizwe kabla ya jambo lolote: ni swali gani hapa ambalo paka hakulijibu? Likiwa ni lilelile, rudisheni karatasi. Likiwa jipya kweli, kwa mfano dawa ya kuzishikilia seli zisife wakati mgonjwa yuko kwenye basi kati ya Segera na Chalinze, mimi mwenyewe nitasema lipite, nami nitataka kujua wanyama watalazwa wapi na nani atawapa dawa ya maumivu usiku. Na kabla ya kizimba kufunguliwa, fungueni daftari. Kila mgonjwa wa retina aandikwe umri, miwani, selimundu, kisukari, jeraha, na siku alizopoteza njiani. Hiyo safu ya mwisho ndiyo ninayoitaka kuiona.

Kuhusu mazoezi ya upasuaji, sioni haja ya kumwamsha mnyama hata mmoja. Machemer mwenyewe, alipokuwa akibuni mashine ya kufyonza ute wa jicho aliyoanza kuitumia kwa mgonjwa mwaka 1970, alianza na ute wa yai la kuku, tena nyumbani kwake mahali pa kuwekea gari. Sisi tuna kizuri kuliko yai. Kila alfajiri macho ya mbuzi na ng'ombe yanatupwa, na machinjioni wangali wananifahamu. Daktari yeyote anayetaka kufundisha mkono wake aje kabla ya saa kumi na mbili, aje na ndoo ya barafu, na asichelewe, maana nimekwisha kuwaeleza: ikifika adhuhuri retina inateleza yenyewe.

Wenu,

Ofisa mifugo mstaafu
Makorora, Tanga